Mwaka Nilioosha Vikapu vya Kware

Tulipomzika mume wangu Okelo, mwezi wa nne mwaka huu, kaka yake Opondo alipewa kipaza sauti akaongea kwa muda ambao ungetosha kuivisha maharagwe. Alisema mengi mazuri na mengi yalikuwa kweli. Alisema Okelo alikuwa fundi wa injini za maboti ambaye kila mvuvi wa Usenge alimtegemea. Alisema hakuwahi kulewa hadharani, jambo ambalo ni karibu kweli. Kisha akafika kwenye kware. Akawaambia waombolezaji kwamba kutoka Usenge hadi Bondo hakukuwa na mtegaji wa kware wa kumfikia ndugu yake, kwamba kila msimu alitoka alfajiri na vikapu vyake, peke yake, akarudi na ndege wa kulisha boma zima. Watu wakapiga makofi. Mimi nilikuwa nimeketi mbele ya hema, na zamu yangu ya kuongea ilikuwa imeshapita. Niliitumia yote kulia. Neno hilo, peke yake, lilinikaa kooni mpaka watu walipomaliza kula na kuondoka. Okelo hakwenda peke yake. Kwa misimu zaidi ya thelathini alienda na mimi, na Opondo analijua hilo kuliko mtu yeyote, maana mwaka wa kwanza ni yeye aliyekuwa akipinga. Ni mzee sasa, ameanza kusahau, sina kinyongo naye. Lakini mimi sijasahau, na nataka mwaka huo usimuliwe jinsi ulivyokuwa.

Nilikuwa na miaka ishirini na miwili. Habari za wazazi na za mahari nitaziruka, maana kila nyumba inazo na zinafanana. Inatosha kusema kwamba mimi ni Mluhya niliyekulia Manyatta, Kisumu, nikishona sare za shule kwenye baraza ya duka, na kwamba Okelo alikuja siku moja na suruali iliyochanika gotini, akaendelea kuja hata suruali za kushonwa zilipokwisha. Jina langu ni Awinja. Kwa Kijaluo, awinjo maana yake ni nimesikia, na jambo hilo lilimfurahisha mno. Akiniita nami nikachelewa kuitika, alijijibu mwenyewe: awinjo, awinjo. Mwaka huo alipata kazi ya kutengeneza injini pale ufuoni Usenge, tukaifunga cherehani yangu kwa magunia na kuhamia kwao. Tulipewa nyumba yake ya ujana, ile ya karibu na lango, vyumba viwili vya udongo vyenye paa la bati. Cha nyuma kilikuwa cha kulala. Cha mbele kilikuwa na meza, viti viwili, cherehani yangu dirishani, na ukutani, kila kimoja kwenye msumari wake, vikapu sita vya kware.

Lazima nivieleze vikapu hivyo, maana ndivyo vilivyoleta maneno yote. Ni vidogo, vya duara, vimesukwa kwa fito nyembamba na kukandikwa mavi ya ng'ombe kwa ndani. Wajaluo huviita osera. Kila kimoja hukaa kware dume mmoja, na kazi ya dume huyo ni kuimba. Alfajiri unavifunga vikapu vyote kwenye mti mrefu, kimoja juu ya kingine, unausimamisha mti huo katikati ya shamba la mtama ulioanza kukomaa, na chini yake, kwenye nyasi, unatega vitanzi vya uzi. Dume wa kikapuni anaimba, kware wa porini wanamsikia, wanakuja kwa miguu wakipenya nyasini, na vitanzi vinawanasa. Uwindaji wa bunduki ulikuwa umeshapigwa marufuku nchini, na mnyama mkubwa pekee aliyebaki upande ule alikuwa kiboko, ambaye hakuna mwenye akili timamu angemfuata. Kwa wanaume wa kwao, kuwinda kulikuwa ni kware. Nami nilikuwa nawajua. Babu yangu wa Butere aliwatega ndege hao hao, sisi tukiwaita isindu, na likizo zote za utoto wangu nilimfuata shambani nikarudi na gauni limelowa umande hadi kiunoni. Nilipomwambia Okelo hivyo, hakucheka wala hakushangaa. Aliniuliza tu kama najua kufunga kitanzi. Nikachukua uzi wa cherehani nikamfungia kumi kabla chai yake haijapoa.

Basi tukaanza kwenda pamoja. Yeye alibeba mti begani, mimi nikabeba vikapu, vitatu kila mkono, na chupa ya chai shingoni kwa kamba. Tukishatega, tulikaa kwenye gunia pembeni mwa shamba, tukala viazi vitamu vya jana na kunong'ona. Wajukuu wamewahi kuniuliza kama babu yao alinitamkia mapenzi. Aliyatamka pale, kwa kunong'ona, kwa sababu kware wakisikia sauti ya mtu hawaji, nami nadhani ni vigumu sana kudanganya ukiwa unanong'ona. Saa mbili asubuhi tulikuwa nyumbani na ndege saba au kumi, yeye akanawa na kwenda ufuoni kwenye injini zake, mimi nikaketi kwenye cherehani nikinukia nyasi. Sijawahi kuwa na furaha ya namna ile tena, na nimeishi maisha mazuri.

Opondo hakupendezwa. Baba yao alikufa Okelo akiwa mdogo, na Opondo ndiye aliyeshika nafasi, akamfundisha mdogo wake kuogelea, kutega na kunyamaza wakubwa wanapoongea. Alikaa nyumba ya pili kutoka kwetu. Hakunigombeza hata siku moja. Maneno yake aliyatupa hewani, nikiwa karibu. Alisema siku hizi shamba limekuwa la wanawake. Alisema zamani mke wa mtegaji hata kivuli chake hakikufika kwenye vitanzi, kwa sababu kware ni ndege mwenye haya, na akimwona mwanamke sauti inamkauka. Mama yao, ambaye watu walimwita Min Opondo, yaani mama yake Opondo, hakusema kitu upande huu wala ule. Mimi aliniita Nyar Manyatta, binti wa Manyatta, kwa kuwa Wajaluo humwita mke kwa mahali alikotoka. Wake wengine wa boma walikuwa na majina ya vilima na mito. Mimi nilikuwa na jina la mtaa wa mabanda na mitaro, na mwanzoni nilidhani ananidharau, kumbe ndilo jina nililokuja nalo.

Kosa langu nililifanya siku ya Jumamosi, na nililifanya kwa mapenzi. Siku iliyofuata watu wa kanisa walikuwa waje kutuombea, na chumba chetu cha mbele kilikuwa na harufu ya kware, ambayo si ndogo. Nikawahamisha wale madume sita kwenye boksi la katoni lenye matundu. Nikachemsha maji, nikamwaga sabuni ya unga bila kupima, nikaviloweka vikapu vyote, nikayakwangua yale mavi ya ng'ombe ya miaka na miaka kwa kisu, nikasugua fito kwa brashi mpaka vidole vikaniuma. Nikavianika juani pale omena, dagaa wa ziwani, walipokuwa wakikaushwa. Viling'aa. Nikawarudisha ndege, nikavitundika, nikaketi kungoja sifa. Okelo alirudi na grisi mpaka kwenye viwiko, akasimama mlangoni, akanusa, akasema nyumba yetu inanukia kama hospitali. Tukacheka sana. Babu yangu hakuwahi kuosha kikapu hata kimoja mbele yangu, na hilo nilipaswa kulikumbuka.

Jumatatu hakuna kware aliyeimba. Jumanne tulikaa kwenye gunia mpaka jua likapanda, chai ikaisha, viazi vikaisha, na pale juu ya mti madume sita walikuwa kimya kabisa. Vitanzi vyote vilikuwa kama tulivyoviacha. Katika shamba la jirani tulisikia ndege wa watu wengine wakiimba mfululizo, na ukweli ni kwamba niliona aibu kana kwamba ni watoto wangu walionyamaza darasani. Jumatano ilikuwa hivyo hivyo. Njiani kurudi tulikutana na Opondo, akaangalia mikono yetu mitupu, akaniangalia mimi, akaendelea na safari yake. Msimu wa kware si mrefu. Mtama ukishavunwa, wamekwenda.

Jioni ya siku hiyo nilikuwa chumba cha nyuma nikikunja nguo, na Opondo akaja kuongea na mdogo wake chumba cha mbele. Waliongea Kiswahili, lugha ambayo kati yao hawakuwa na haja nayo, kwa hiyo nilijua mazungumzo yamekusudiwa yanifikie.

"Okelo, hii maneno ni rahisi," Opondo alisema. "Ndege ilikuwa inaimba. Bibi yako akaanza kuja, ndege ikanyamaza. Unataka nikuambie nini ingine?"

Nilingoja. Nilisikia kiti kikilia, nikasikia Okelo akikohoa. Nilikuwa na hakika atasema kitu, maana huyu ndiye mtu aliyenong'ona yote yale pembeni mwa shamba. Mwishowe alisema, kwa sauti ndogo, kwamba basi nikae nyumbani wiki moja, waone. Opondo akasema hiyo ni akili, akatoka. Mimi nilikuwa nimeshika shati la Okelo, nikaligundua limekunjamana lote mikononi mwangu. Sitaficha: nilimchukia usiku ule, na chakula nilimwekea mezani nikaenda kulala. Sikuumia kwa sababu ya kukatazwa. Niliumia kwa sababu alijua kwamba si kweli, akakubali. Na nilielewa vizuri kitu kilichokuwa hatarini. Wiki moja ingekuwa msimu, msimu ungekuwa desturi, nami ningebaki yule anayepokea ndege mlangoni na kuwanyonyoa, mume wangu akitoka kila alfajiri kwenda mahali ambapo sisi wawili tulikuwa kitu kimoja.

Alhamisi alikwenda na Opondo, akarudi mikono mitupu. Hilo peke yake lingetosha kuniondolea lawama, lakini Opondo alikuwa na jibu: eti nimeshawaharibu, hata nisipokwenda. Nilipobaki peke yangu na ndege wale mchana, nilivishusha vikapu vyote mezani nikaketi mbele yao. Nikaona kila dume amejibana kwenye kimlango, mdomo nje, kadiri awezavyo kuwa mbali na ukuta wa kikapu. Hakuna aliyegusa punje za wimbi. Nikainama nikanusa fito, na harufu ya sabuni ikanipanda mpaka machoni. Hapo ndipo babu yangu aliponirudia: mikono yake ikikandika mavi mapya kila mwanzo wa msimu, na vikapu vikining'inia juu ya mafiga, vikipata moshi, bibi yangu akilalamika kwamba jiko limegeuka nyumba ya ndege. Nilicheka peke yangu pale mezani. Sikuwa nimewaharibu kwa kuwa mwanamke. Niliwaharibu kwa kuwa msafi.

Nilikwenda zizini kwa Min Opondo na karai, nikachota mavi mabichi ya ng'ombe kwa mikono. Nikawahamisha madume kwenye boksi, nikavikandika vikapu sita ndani, taratibu, kama ninavyopiga pindo, nikaviacha vikauke, kisha nikaingia jikoni kwake nikaomba kuvitundika juu ya moto. Alikuwa akikoroga uji. Alivitazama vikapu, akaitazama mikono yangu iliyokuwa kijani hadi juu ya vifundo, akaisogeza sufuria yake upande mmoja ili nipate nafasi. Siku mbili moshi wa jikoni kwake uliingia kwenye vikapu vile, na Okelo nilimwambia tu kwamba ndege wapumzike kwanza. Kumbikumbi walitoka baada ya mvua ya Ijumaa, nikawakusanya kwenye kikombe, nikawalisha madume mmoja mmoja kutoka kwenye vidole. Jumamosi niliwarudisha vikapuni. Walizunguka, wakapekua, wakatulia katikati, na mmoja akala wimbi mpaka nikamwondolea.

Jumapili baada ya kanisa nilimwambia Okelo. Nilimwonyesha vikapu, nikamweleza habari ya sabuni, na alielewa hata kabla sijamaliza. Alikuwa fundi, alijua kitu kikiharibika kuna sababu. Kisha akasema jambo ambalo nililithamini kuliko kuombwa msamaha. Alisema, "Mimi sikuogopa ndege. Niliogopa Opondo." Nikamwambia anipeleke kesho, na amwite Opondo aje ashuhudie. Ndege wasipoimba nikiwa pale, sitaomba kwenda tena maisha yangu yote, na nitawanyonyoa nyumbani bila kununa.

"Na wakiimba?" akauliza.

"Wakiimba, hakuna siku utaenda bila mimi."

Alijua kwamba nikishindwa, na yeye pia amenipoteza pale shambani, na hakuna wa kumlaumu. Akasema sawa.

Asubuhi ile ilikuwa na ukungu kutoka ziwani. Opondo alikuja na koti lake la mvua, akasimama mbali kidogo na gunia letu, mikono mfukoni. Okelo alisimamisha mti. Mimi nilitega vitanzi vyote mwenyewe, thelathini, nikapangusa nyayo zangu kwa tawi. Tukakaa. Kukapambazuka. Ndege wa jirani wakaanza, na wetu kimya. Jua likatoa ukingo, na wetu kimya. Okelo alikuwa amelishika gunia kwa mkono mmoja kama mtu aliye ndani ya boti. Opondo akakohoa kile kikohozi cha mtu anayejiandaa kuondoka na ushindi wake. Na hapo nikafanya kitu ambacho sikuwa nimekipanga. Kwao, kama kwetu, mwanamke hapigi mluzi. Mtoto wa kike akipiga anachapwa mdomo. Mke akipiga, wanasema anaita mabaya nyumbani. Lakini babu yangu hakuwa na mjukuu wa kiume wa kumfuata shambani, akanifundisha mimi. Nikakunja ulimi nyuma ya meno, nikapiga ule mluzi mfupi wa kware, mara mbili, nikanyamaza, nikapiga mara ya tatu.

Opondo aligeuka. Alifungua mdomo kunikemea, na kutoka juu ya mti, kikapu cha pili, dume mmoja akajibu. Alijibu kwa hasira, kwa kuwa alidhani kuna dume mwingine kwenye shamba lake. Wa kikapu cha kwanza akaamka kumzomea huyo, na wa tano, na baada ya muda mfupi wote sita walikuwa wakipiga kelele kama akina mama wa soko siku ya gulio. Nyasi zikaanza kutikisika chini. Nilitaka kusimama na kucheza. Nilikaa nikauma pindo la leso. Tulinasa kumi na tisa. Opondo mwenyewe alipiga magoti akatusaidia kuwatoa vitanzini, na alipomaliza alinikabidhi wa mwisho mkononi, bado joto, akasema tu kwamba vitanzi vyangu vimefungwa vizuri. Nilijivuna siku ile, na najivuna leo ninapoandika.

Jioni Min Opondo aliwachemsha kware wale, akawakaanga mafutani, akatuita sote nyumbani kwake kula na ugali wa mtama. Tulikula, mifupa midogo ikivunjika menoni, mpaka akauliza nani alipiga mluzi kwa shamba yake asubuhi, kwa sababu yeye alisikia na jirani yake pia alisikia. Nilikuwa nimefungua mdomo ndipo Opondo akatangulia, akasema ni Nyar Manyatta, na kwamba ndege walimjibu. Mama alilamba kidole, akanitazama.

"Hapa kwa boma usipige," akasema. "Huko shambani, piga."

Asubuhi iliyofuata tulitoka mapema, Okelo na mti, mimi na vikapu. Njia yetu ilipita chini ya dirisha la Mama, na Mama, ambaye alfajiri alikuwa macho kuliko jogoo, aliuliza kutoka ndani kama alivyouliza kila siku ya msimu: "Okelo, idhi?" Yaani, unaenda? Na kila siku, hata mimi nikiwa hatua moja nyuma yake na vikapu sita, Okelo alikuwa akijibu adhi, naenda, kwa kuwa ndivyo mwanamume anavyojibu. Safari hii alisimama. Akauhamisha mti kutoka bega moja hadi jingine, akaningoja mpaka nikawa sambamba naye.

"Wadhi, Mama," akasema. Tunaenda.

Kisha Mama akajibu, na sikuhitaji mtu anitafsirie, kwa sababu Kijaluo changu kilikuwa kimeshafika hapo: kumwambia mtu mmoja aende ni neno moja, na kuwaambia watu wengi ni jingine.

"Dhiuru," akasema. Nendeni.

Tukaenda.